UZI: Parkin ya asali, keki ya oti ya kule Yorkshire ambayo siku ya kwanza hailiki (njooni tuoke)

BintiUnyanyembe, Jumamosi saa 4:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Niliahidi kwenye ule uzi wa vitafunwa vya msimu wa baridi kwamba nitaileta hii kitu, na kesho sina zamu, kwa hiyo leo naandika mpaka simu iishe chaji. Ni ndefu. Mwenye haraka ashuke chini kwenye vipimo asinisumbue.

Mimi niko Leeds mwaka wa sita huu, kazi yangu kulea wazee (ndiyo hizo hizo mnazozicheka kwenye nyuzi za Ulaya). Mwaka niliofika, mwanzoni mwa mwezi wa 11, jirani yangu bibi mmoja wa miaka themanini na kitu akanigongea mlango kashika kipande cha keki kwenye karatasi. Rangi kama udongo wa mfinyanzi uliolowa, inanata vidoleni, tangawizi inapiga mpaka nyuma ya pua. Nikala, tamu, ila ina ule unyevunyevu wa kitu kilicholala. Kesho yake nimeenda kushukuru namuuliza bibi umeoka lini, ananiambia Jumatatu ya wiki iliyopita, yaani siku tisa! Nikarudi ndani nikamwambia mume wangu tumepewa kiporo. Kumbe kiporo ndiyo keki yenyewe, ukiila siku ileile umeivuna changa.

Inaitwa parkin. Ni ya watu wa kaskazini mwa Uingereza, Yorkshire na Lancashire, na kila upande unasema ya kwao ndiyo ya kweli, usiingilie huo ugomvi. Inaliwa sana tarehe 5 Novemba, ule usiku wa mioto na fataki wa kumkumbuka Guy Fawkes, Mkatoliki aliyenaswa mwaka 1605 chini ya bunge London na mapipa 36 ya baruti akitaka kulilipua. Jamaa mwenyewe mzaliwa wa York, kwa hiyo huku wanachoma sanamu ya mtoto wao huku wanatafuna keki ya kwao. Shule aliyosoma, St Peter's ya York, ipo mpaka leo na wao hawamchomi, eti si adabu kumchoma mwanafunzi wa zamani.

Sasa mimi kilichonivuta siyo fataki, ni oti na asali. Mnajua nimetoka Tabora, asali kwetu siyo kitu cha kuwekwa kabatini kwa ajili ya kikohozi. Parkin ya leo ukinunua dukani imetiwa molasi nyeusi na ile shira ya dhahabu ya kopo. Lakini bibi akaniambia babu zao hawakuwa na molasi, walitia asali. Nikamwomba tuoke ya namna hiyo.

Ukifikiria ina mantiki yake. Huku kaskazini baridi na mvua, ngano inahangaika, oti inastawi, kwa hiyo mtu wa kawaida alikula oti asubuhi mpaka jioni. Nyumba ndogo hazikuwa na oveni, walikuwa na jiwe bapa au bamba la chuma juu ya moto, chukulia kama chuma chetu cha chapati. Unga wa oti, mafuta, asali, unabapazwa hapo. Walikiita tharf cake, hilo neno la kwanza ni Kiingereza cha kale, maana yake isiyochachwa, mkate usio na hamira. Na asali walikuwa nayo, ile milima yao ya juu isiyo na miti ina vichaka vinavyochanua zambarau mwezi wa 8, mpaka leo wafuga nyuki wanapakia mizinga kwenye gari wanaipeleka huko juu. Asali yake nimeinunua mara moja, ni ya ajabu, inasimama kwenye chupa kama jeli, ukiinamisha haishuki mpaka uikoroge ndiyo inalegea, ukiiacha inaganda tena. Ukifika Novemba oti imeshavunwa na kusagwa, asali imeshatolewa, moto unahitajika maana giza linaingia saa kumi na moja jioni hujamaliza hata chai.

Jina parkin lenyewe ni la zamani. Mwaka 1728 kuna mwanamke alishtakiwa kwenye mahakama ya West Riding (upande wa magharibi wa Yorkshire) kwa kuiba unga wa oti wa kutengenezea parkin! Na Dorothy Wordsworth, dada yake yule mshairi William Wordsworth, aliandika kwenye shajara yake mwaka 1800 kwamba siku hiyo alikuwa anaoka mkate na parkin. Sio kitu cha juzi.

VIPIMO (vya bafu la kuokea la mraba la sentimita 20):

Unga wa oti wa chengachenga gramu 225. Usitumie zile bapa za uji kama zilivyo, zipitishe kwenye blenda sekunde chache, ukizigusa ziwe kama sembe ya mashineni kijijini, siyo kama unga wa ngano. Unga wa ngano gramu 115. Tangawizi ya unga vijiko vya chai 3, najua vitabu vinasema 2, vitabu havijawahi kuugua mafua Leeds. Chumvi kidogo. Beking soda kijiko cha chai 1, nasema SODA, siyo beking pauda na siyo hamira. Asali gramu 170. Siagi gramu 115, siagi ya maziwa, siyo ile ya kupaka mkate ya kopo la plastiki. Yai 1. Maziwa vijiko vitano vya chakula.

Siagi na asali zinayeyushwa pamoja kwenye sufuria moto mdogo kabisa, zisichemke. Unga wote, tangawizi, chumvi na soda vikorogwe vikavu kwenye bakuli. Mwaga asali na siagi, koroga, halafu yai na maziwa. Itakuwa nyepesi kama uji mzito, USIOGOPE, usiongeze unga, oti itakunywa hiyo maji yote ndani ya dakika kumi. Oveni digrii 150, siyo zaidi, asali inaungua haraka kuliko sukari. Dakika 50 mpaka saa nzima. Kijiti kikitoka kikavu na ukibonyeza katikati kunarudi, toa.

Halafu ndiyo sehemu ngumu. Ipoe kabisa, ifunge karatasi ya kuokea, itie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, ifiche. Siku tano. Wiki ni bora.

Mara ya kwanza nilioka peke yangu, nikaikata imoto, ikavunjika kama tofali la kuchoma, kavu, inakwaruza koo. Nikasema nimemwaga asali ya paundi kumi. Nikaitupia kwenye kopo kwa hasira, nikaingia zamu za usiku nne mfululizo. Siku ya tano naifungua natafuta kitu cha kulia chai, kisu kikazama chenyewe! Uso wa juu umenata, ndani laini, tangawizi imetulia. Sikuongeza kitu chochote. Haya niulizeni.

Mla Ugali, saa 4:31 usiku

Bila picha huu uzi ni chai tu.

BintiUnyanyembe, saa 4:33 usiku

@Mla Ugali picha nimepiga ila kamera ya simu inaifanya ionekane kama tofali kweli. Nitaweka nikioka tena kesho mchana.

Kipusa wa Mvita, saa 4:50 usiku

Shoga ahsante, hii imenikumbusha kashata za marehemu nyanya, naye alikuwa akizificha kwenye mkebe juu ya kabati anasema "ziache zishikane". Mie swali langu moja, sina oveni. Nina jiko la makaa na sufuria na hamu.

BintiUnyanyembe, saa 5:02 usiku

@Kipusa wa Mvita dada wewe ndiyo uko karibu zaidi na asili yake kuliko mimi mwenye oveni ya umeme. Mkate wa kumimina unaupaliaje? Fanya hivyohivyo, makaa kidogo chini, mengi juu ya mfuniko. Hatari ni chini tu, asali inaungua upesi, kwa hiyo tandika mchanga kwenye sufuria kubwa halafu sufuria ya keki ikae juu ya mchanga. Makaa ya chini yawe yale yaliyoanza kufanya majivu.

Au fanya ile ya zamani kabisa bila soda wala yai: oti, siagi, asali, tangawizi, ukande donge gumu, ubapaze unene wa kidole, juu ya chuma cha chapati moto mdogo, funika, geuza mara moja. Itatoka ngumu, hiyo ni ya kuchovya kwenye chai.

Dereva wa Lori, Jumapili saa 12:20 asubuhi

Samahani mkuu, molasi si ndiyo ile tunapakia Kilombero ya kulishia ng'ombe? Wazungu wanaila kwenye keki??

NjeriK, saa 1:05 asubuhi

@Dereva wa Lori 😂😂 hata kwetu ni ya ng'ombe, mzee wangu hunyunyizia kwa nyasi kavu ndio ng'ombe zikule. Lakini ile ya keki wanaisafisha bana, si ile ya dramu.

Na mimi niko na swali, kwani oats si ndio shayiri? Mbona OP (mwenye uzi) anaandika "oti" kama neno jipya?

Ummu Nasra, saa 1:40 asubuhi

@NjeriK hapana dada, watu wengi wanachanganya. Shayiri ni ile nafaka nyingine, neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, hapa Muscat ukisema sha'ir dukani unapewa ya kutengenezea supu na talbina (uji wa shayiri). Oti wanaiita shufan. Ukioka kwa shayiri itatoka keki, sikatai, ila haitonata. Oti ina ule utelezi wake, ukipika uji si unauona unavyovutika, huo ndiyo unaoshikilia maji.

BintiUnyanyembe, saa 3:15 asubuhi

Ndiyo maana naandika oti. Kwenye paketi hata za Bongo wameandika oats kwa Kiingereza, ukiuliza shayiri muuzaji anakuangalia tu.

Msukuma Baridi, saa 3:48 asubuhi

Nipo Glasgow, siwezi kukaa kimya. Hao Yorkshire wasijifanye wenye oti. Skotlandi ndiyo nchi ya oti, kuna bannock, ni mkate bapa wa oti unaopikwa kwenye bamba la chuma juu ya moto, vijijini siku ya Beltane, sikukuu yao ya zamani ya mwezi wa tano, walikuwa wanaoka maalum, wanavunja vipande wanarusha mgongoni kwa ajili ya mbweha na kunguru ili wasile mifugo yao. Msafiri mmoja, Thomas Pennant, alipita huko 1769 akayaandika. Na Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 aliandika kwamba oti ni nafaka ambayo Uingereza wanapewa farasi lakini Skotlandi inalisha watu. Tusi hilo! Kumbe na Yorkshire walikuwa wanakula chakula cha farasi kimyakimya.

BintiUnyanyembe, saa 4:10 asubuhi

@Msukuma Baridi hahaha hawakula kimyakimya hata kidogo. Kikosi cha jeshi cha huku West Riding kiliitwa "vijana wa havercake", haver ni jina la zamani la oti lililoletwa na Waviking, na masajenti wa kuandikisha jeshi walikuwa wanapita mitaani wamechomeka mkate wa oti kwenye ncha ya upanga, kama kusema njoo jeshini ushibe. Mkate wenyewe ulikuwa kama chapati ya maji, unaanikwa kwenye kamba juu ya dari jikoni kama nguo.

Mzee wa Pangani, saa 5:30 asubuhi

Binti umeandika vizuri, ila hapo kwenye habari ya molasi kuchukua nafasi ya asali umeruka haraka sana, wacha mzee niweke maji kwenye mtungi.

Molasi haikuja yenyewe. Molasi ni mabaki ya kusafisha sukari, na sukari ya Waingereza wa karne ya 17 na 18 ililimwa na watumwa kwenye visiwa vya Karibi. Viwanda vya kusafisha vilipoongezeka Uingereza, yale mabaki meusi yakawa rahisi kuliko asali, masikini wa kaskazini akanunua rahisi, nani angemlaumu. Meli zilitia nanga Liverpool na Lancaster, huko huko kwa wala parkin. Kwa hiyo hiyo keki kubadilika rangi kutoka ya dhahabu kwenda nyeusi siyo suala la mapishi peke yake.

Na msidhani ni habari ya Afrika Magharibi tu. Mwaka 1776 Mfaransa anaitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka wa kupeleka visiwa vya Ufaransa, Mauritius na Réunion. Waingereza wakaichukua Mauritius 1810. Mwaka 1825 wakashusha ushuru wa sukari ya Mauritius ukawa sawa na ule wa Karibi, mashamba ya miwa yakalipuka, na utumwa kule haukufutwa mpaka 1835. Babu zetu wa pwani hii wamo kwenye hiyo sukari. Sisemi msile. Nasema tu huyu binti akioka kwa asali nafurahi zaidi ya anavyojua.

Mla Ugali, saa 5:41 asubuhi

Dah. Nimekuja kucheka nimekuta historia. Heshima mzee.

BintiUnyanyembe, saa 6:20 mchana

@Mzee wa Pangani shikamoo mzee. Hilo la Kilwa sikulijua kabisa, nimelisoma mara mbili. Ahsante.

Na kuna kitu kimoja cha kuchekesha kwenye hayo makopo. Ile shira ya dhahabu ya Lyle, imeanza kuuzwa miaka ya 1880, kopo lake la kijani lina picha ya simba aliyekufa na nyuki wanamzunguka, ni kile kitendawili cha Samsoni kwenye Waamuzi sura ya 14, kwamba kwa mwenye nguvu ukatoka utamu. Mimi mwaka wa kwanza nikalibeba dukani nikijua ni asali! Nyuki wamejaa kwenye kopo, ndani hamna asali hata tone, ni miwa mitupu. Nikaitia kwenye uji, mume wangu akasema asali ya huku haina harufu ya moshi. Nikajua nimepigwa.

Fundi Makenika, saa 7:00 mchana

Swali la kitaalamu. Keki zote nazijua zinakauka zikikaa. Hii inalainika kwa nini? Isije ikawa inaanza kuoza mnaiita utamu.

Ummu Nasra, saa 7:45 mchana

@Fundi Makenika nijaribu mie, nilisomea mambo ya vyakula kabla sijaolewa. Mambo mawili. La kwanza oti, ile chenga ikitoka kwenye oveni katikati yake bado ngumu, haijanywa maji ya kutosha, inaendelea kunywa pole pole siku nyingi ndani ya kopo. La pili asali, sukari yake nyingi ni fruktosi na glukosi na hiyo fruktosi inapenda maji sana, inayavuta na haiyaachii. Acha kijiko cha asali wazi mahali penye unyevu uone inavyokuwa nyepesi. Kwa hiyo siku ya kwanza maji yamekaa ovyo ovyo, ganda kavu, chenga ngumu, siku ya tano yamegawana sawa. Ndiyo maana kopo lazima libane, ukiacha wazi hapa kwetu na AC inakuwa jiwe milele.

Na soda inafanya kazi kwa sababu asali ina asidi yake, zikikutana zinatoa gesi. Ndiyo maana OP amepiga kelele isiwe pauda.

Fundi Makenika, saa 7:52 mchana

Nimeelewa, kama zege. Unamwaga leo halafu unaliacha likomae.

Ummu Nasra, saa 7:55 mchana

Kama zege lakini la kinyume chake 😅

Mama Ebeneza, saa 9:10 alasiri

Jamani mimi nina sukari, daktari kanikataza vitamu, nimeona humu oti na asali nikafurahi maana ni vitu vya asili. Nioke?

BintiUnyanyembe, saa 9:30 alasiri

@Mama Ebeneza mama shikamoo. Hapana usijidanganye na neno asili. Asali ni sukari, mwili hauulizi imetoka kwa nyuki au kwa muwa, itapandisha vilevile. Oti peke yake kwenye uji hiyo sawa, ila hii keki ina asali gramu 170 kwenye bafu dogo. Muulize daktari wako kipande kama kiberiti kama kinafaa, usichukue ruhusa kwangu. Na wenye watoto chini ya mwaka mmoja asali wasipewe kabisa, hata ndani ya keki kaeni nayo mbali.

NjeriK, saa 2:15 usiku

Update wasee. Nimeoka. Niko na asali ya Baringo nilikuwa nimebuy barabarani kwa chupa ya soda, nikaeka yote. Imetoka haina ladha kabisa, tamu tu kama sukari na katikati ni mbichi na pembeni imeungua. Nimefanya nini mbaya?

BintiUnyanyembe, saa 2:40 usiku

@NjeriK pole mpenzi. Oveni yako uliweka ngapi?

NjeriK, saa 2:42 usiku

180, si ndio keki zote

BintiUnyanyembe, saa 2:58 usiku

Hapo ndipo ulipoungulia. 150 nilisema siyo kwa kupenda. Na samahani kusema lakini hiyo asali ya chupa ya soda inawezekana ni shira ya sukari. Mimi nimekulia kwenye asali, baba alikuwa na mizinga ya magome kule porini kwenye miombo. Asali nzuri ya kwetu ni nyeusi kidogo, ina moshi kwa mbali na ina uchungu mdogo sana mwishoni kama mtu kakuita halafu kanyamaza. Ukiila ukabaki na utamu peke yake mdomoni, hiyo inatia shaka. Hayo mambo ya kudondosha kwenye kiberiti au kwenye maji siyaamini hata moja, nunua kwa mtu unayemjua. Na kwenye hii keki chukua ile nyeusi, za maua mepesi mepesi zinapotea mbele ya tangawizi.

Hiyo ya katikati usitupe, kata pembeni zilizoungua, irudishe 140 dakika ishirini juu uifunike na foili.

Msukuma Baridi, saa 3:20 usiku

"Kama mtu kakuita halafu kanyamaza" 👏👏 huyu dada anatakiwa aandike vitabu.

Mla Ugali, saa 3:25 usiku

Picha bado.

Abunuwasi Mdogo, Jumatatu saa 2:00 asubuhi

Mimi niulize kwa nia njema, hii keki si ni ya sikukuu yao ya kuwachukia Wakatoliki? Sisi Wakatoliki tunaokaje?

Mzee wa Pangani, saa 3:12 asubuhi

Kijana umeuliza la maana. Ni kweli, baada ya njama ile bunge lilipitisha sheria mwaka 1606 kila tarehe 5 Novemba watu waende kanisani kushukuru, na ilibaki kwenye vitabu mpaka 1859. Mahubiri mengi ya siku hiyo yalikuwa ya kuwapiga Wakatoliki. Ila keki yenyewe haina dini, ni ya msimu, ni nafaka mpya na moto. Fataki imeikuta keki njiani wakaongozana. Kanisa la karibu na wewe likikukataza oti niambie.

BintiUnyanyembe, Jumatatu saa 1:50 jioni

Haya nimeoka tena jana mchana, picha hizo hapo tatu. Ya kwanza ni donge kabla ya kuingia, mnaona lilivyo jepesi, linatiririka kwenye mwiko. Ya pili imetoka, juu ina nyufa ndogo ndogo na katikati imeinama kidogo, hiyo kuinama ni kawaida msiogope, huku bibi alikuwa anasema isiyoinama haijatiwa asali ya kutosha. Ya tatu ni kopo. Ndani ya kopo hamtaona.

Bibi mwenyewe alifariki mwaka juzi mwezi wa pili. Kopo hili ni lake, mtoto wake aliniletea, lina michubuko na mfuniko unabana mpaka uufungue kwa kijiko.

Kipusa wa Mvita, Jumatatu saa 3:30 usiku

Mungu amrehemu. Mie nimepalia leo, makaa ya vifuu vya nazi, mchanga nimeuchota Nyali 😄. Chini imeshika rangi nyeusi kidogo kama utandu, nimeikwangua nikampa mwanangu akala akaomba tena. Juu safi. Nimetia na iliki, sikujizuia. Nimeifunga kwenye sufuria yenye mfuniko maana kopo sina, na nimeiweka juu ya kabati pale pale pa nyanya. Joto la Mombasa ikae siku ngapi isiote ukungu?

Ummu Nasra, saa 4:00 usiku

@Kipusa wa Mvita usipitishe wiki. Hakikisha ilipoa kabisa kabla hujafunika, ule mvuke ukibaki ndani ndiyo unaleta ukungu. Ukiona doa lolote la kijani au jeupe lenye manyoya tupa yote, usikate upande. Iliki umefanya vizuri, mie natia na karafuu mbili za kusaga, wa Yorkshire wanisamehe.

Dereva wa Lori, Jumatano saa 11:00 alfajiri

Niko Mikese foleni ya mzani, nimesoma uzi wote kuanzia mwanzo. Mke wangu nimemtumia. Kanijibu "oti kilo bei gani". Wadau?

Mama Ebeneza, Jumatano saa 1:20 asubuhi

@Dereva wa Lori chukua za kupima dukani kwa Wahindi usichukue za kopo, kopo unalipia bati.

Kipusa wa Mvita, Ijumaa saa 10:15 jioni

Siku ya nne. Nimefungua.

Shoga. Imelainika kweli. Kisu kimeingia kimya, juu inang'aa kama imepakwa mafuta na vile vipande vya pembeni vilivyokuwa vigumu ndivyo vitamu zaidi sasa, vinanata kwenye meno kama halua iliyokufa. Nilikata vipande 16 nikijua vitafika Jumapili. Mume wangu kala vitatu amesimama, hajavua hata viatu.

BintiUnyanyembe, Ijumaa saa 2:05 usiku

Mimi yangu mpaka kesho ndiyo itatimiza siku sita. Nimetoka zamu sasa hivi, nimelipima kopo mkononi nikaona jepesi. Nimeingiza kijiko nikalifungua, vimebaki vinne. Mtu na miaka yake arobaini na mbili amekaa kwenye kochi anaangalia mpira ananiambia labda panya.

Mla Ugali, saa 2:09 usiku

Weka picha ya panya.